Usahihi Bila Sahihi: Historia ya Kusahihisha Makosa ya Uandishi wa Kiswahili Tabora, kutoka Barua za Misafara hadi Kibodi

Ikisiri

Historia ya usanifishaji wa Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata kamati, kamusi na sera. Mikono iliyoyatia maamuzi hayo katika karatasi haikupewa nafasi kubwa. Makala haya yanachunguza namna makosa ya uandishi yalivyosahihishwa katika mji wa Tabora, tangu enzi za misafara, kupitia matbaa na ofisi za kikoloni, hadi mafunzo ya uhazili na matumizi ya kompyuta. Hoja kuu ni kwamba kila badiliko la chombo cha kuandikia lilihamisha wajibu wa kusahihisha kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Makala yanaonesha pia kuwa muundo wa Kiswahili huzalisha makosa ya kibodi ya namna yake, na kwamba vipimo vya usahihi vilivyorithiwa kutoka katika Kiingereza havikuyazingatia. Mhitimu wa uhazili alikuwa mlinzi wa usanifu wa lugha ya serikali, ingawa jina lake halikuonekana chini ya barua.

1.0 Utangulizi

Gongoni ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora. Jina lenyewe lina ushahidi wa kiisimu. Kinyamwezi, kama lugha nyingi za Kibantu za bara, huonesha mahali kwa viambishi awali. Kiswahili hutumia kiambishi tamati -ni. Jina la mahali lenye umbo hilo, katikati ya Unyamwezi, ni alama ya mji uliokuzwa na njia ya misafara iliyotoka pwani. Jirani na Gongoni kuna majina mengine kama Ng'ambo, Kanyenye, Isevya na Cheyo. Majina haya yameandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa kalamu ya karani, kwa taipureta na kwa kompyuta, na kila chombo kiliyafungulia mlango wake wa makosa.

Neno la Kiswahili linalotaja kazi ya kuondoa makosa ni kusahihisha. Mzizi wake wa Kiarabu umeleta pia neno sahihi, ambalo katika Kiswahili lina maana mbili: jambo lisilo na kosa, na jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake chini ya waraka ili kuukubali. Maana hizi mbili hazikukaa daima kwa mtu mmoja. Katika ofisi ya karne ya 20, aliyetia sahihi alikuwa mmoja na aliyehakikisha usahihi alikuwa mwingine. Pengo hilo kati ya usahihi na sahihi ndilo linalochunguzwa katika makala haya.

Tabora inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya pwani na Ziwa Tanganyika, na kwa hiyo barua zilipita na kukaa hapo. Pili, ndipo kilipokuwa Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho kiliwafunza makatibu wa serikali kabla ya kuingizwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania kilichoanzishwa mwaka 2000.

2.0 Barua za Misafara: Kosa Mikononi mwa Msomaji

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Mwendo wa zaidi ya miezi minne ulikuwa na maana yake katika uandishi: aliyepokea barua yenye neno lisilosomeka hakuwa na njia ya kumwuliza mwandishi. Alilazimika kulitatua mwenyewe.

Hati za Kiarabu zilimpa msomaji kazi hiyo hata pale ambapo mwandishi hakukosea. Alfabeti ya Kiarabu ya kawaida haina herufi za sauti p, v, ch na ng', na irabu tano za Kiswahili hugawana alama tatu, ambapo e na i huandikwa kwa alama moja na o na u kwa nyingine. Aidha, waandishi wengi hawakuandika nazali inayotangulia konsonanti. Hivyo umbo moja liliweza kusomwa boga, mboga au mbuga. Jina kama Gongoni lingeweza kusomwa Gunguni au Guguni, na ni mtu aliyeujua mji tu ambaye angelisoma ipasavyo bila kusita.

Mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu uliochapishwa na C. G. Büttner mjini Berlin mwaka 1892 unaonesha jinsi barua za wakati huo zilivyofuata mpangilio maalumu wa salamu, habari na hitimisho. Mpangilio huo haukuwa wa adabu tu. Ulikuwa pia msaada wa kusoma, kwa sababu msomaji aliyejua kinachotarajiwa baada ya salamu aliweza kujaza herufi zilizokosekana. Mleta barua naye mara nyingi aliijua habari na aliweza kuieleza kwa kinywa. Kwa maneno mengine, usahihi haukukaa katika karatasi peke yake. Uligawanywa kati ya karatasi, msomaji na mjumbe.

Mfano ulio wazi zaidi wa kuhama kutoka katika utaratibu huo ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambaye baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Tabora na kuoa katika ukoo wa mtemi Fundikira. Tippu Tip aliandika kwa hati za Kiarabu kwa ombi la Heinrich Brode, naye Brode akaichapisha kwa hati za Kirumi mjini Berlin mnamo 1902 na 1903. Katika kuhamisha hati, kila neno lililokuwa na njia mbili za kusomwa lilipewa njia moja. Kazi iliyokuwa ya kila msomaji ikafanywa mara moja na mtu mmoja, kwa niaba ya wasomaji wote waliofuata.

3.0 Matbaa na Kamati: Kosa Mikononi mwa Mhakiki

Utawala wa Wajerumani uliimarika Unyanyembe baada ya kushindwa kwa mtemi Isike mwaka 1893. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na chini ya Waingereza mji ukawa njiapanda ya reli ya kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Barua iliyokuwa ikichukua miezi ilianza kuchukua siku. Kuuliza na kujibiwa kukawezekana, na hivyo kosa likaanza kuonekana kama uzembe badala ya kuwa sehemu ya kawaida ya usomaji.

Elimu nayo ilibadilisha matarajio. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya kuwaandaa vijana, hasa wa koo za watawala, kwa kazi za utawala. Mwaka huohuo mkutano wa elimu wa Dar es Salaam ulijadili haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha maandishi. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kamati hiyo ilisoma miswada ya vitabu vya shule na kuipa kibali, na kamusi zilizotayarishwa chini ya Frederick Johnson zilichapishwa mwaka 1939. Tangu hapo neno lilikuwa na tahajia sahihi hata kabla halijaandikwa.

Huko Kipalapala, nje kidogo ya mji, Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe, walikuwa na matbaa ambayo vitabu vyake vilienea nchini vikiwa na jina la Tabora katika ukurasa wa mbele. Matbaa ilileta hatua ambayo barua ya msafara haikuwa nayo, nayo ni sampuli ya kusomwa kabla ya kuchapa nakala nyingi. Kosa lililopatikana katika sampuli liligharimu herufi moja ya risasi; lililoponyoka lilirudiwa katika kila nakala. Kati ya mwandishi na msomaji akasimama mhakiki.

Neno chapa lenyewe linabeba historia hii. Liliingia kutoka katika lugha za India likiwa na maana ya alama inayogandamizwa, likatumika kwa matbaa, kisha likahamia katika taipureta kwa kitenzi kupiga chapa. Kuhama huko kwa maana kulikuwa na athari ya kijamii. Mtu aliyepiga chapa ofisini alitegemewa kutoa ukurasa ulio safi kama wa matbaa, ila yeye hakuwa na mhakiki wala sampuli. Alikuwa mwandishi, mpanga herufi na mhakiki kwa pamoja, na karatasi yake ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

4.0 Uhazili: Kosa Mikononi mwa Katibu

Mpangilio wa vitufe unaotumika hadi leo ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, aliyepata hataza mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Kupiga chapa kwa vidole vyote bila kutazama vitufe kulipata umaarufu mwaka 1888, Frank McGurrin aliposhinda shindano la kasi huko Cincinnati. Tangu hapo mafunzo yalijengwa juu ya kanuni moja: macho yabaki kwenye karatasi inayonakiliwa, na vidole vijue njia vyenyewe. Usahihi hutangulia na kasi hufuata, kwa sababu kidole kilichozoea njia mbaya ni kigumu kurudishwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 Rashidi Mfaume Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alielekeza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka huohuo. Agizo lilihitaji istilahi, na Baraza lilipewa jukumu hilo. Lilihitaji pia watu wa kuandika maelfu ya barua, kumbukumbu za vikao na nyaraka kwa lugha ambayo wakubwa wengi walikuwa wameizungumza tu, kwa sababu elimu yao ya juu na mazoea yao ya kiofisi yalikuwa ya Kiingereza. Rasimu ya mkono au imla ya haraka, yenye tahajia za kila namna, ilimfikia katibu. Kilichotoka katika mashine yake ndicho kilichokuwa Kiswahili cha serikali.

Istilahi za taaluma hii zinaonesha juhudi ya kuijenga ndani ya lugha. Uhazili ni kazi na taaluma ya ukatibu. Hatimkato, neno lililoungwa kwa hati na mkato, ni uandishi wa alama fupi za kufuatia usemi. Miundo ya utumishi ya serikali imedai kwa miaka mingi kuwa katibu muhtasi awe amefaulu hatua maalumu za mtihani wa uhazili pamoja na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika kwa ngazi ya kuanzia na 100 kwa ngazi ya juu zaidi. Ni mojawapo ya kazi chache nchini ambazo umahiri wa lugha mbili ulipimwa kwa saa mkononi.

Gharama ya kosa katika taipureta ilikuwa ya kushikika. Barua yenye nakala tatu za kaboni ilisahihishwa mara nne: raba kwenye karatasi ya juu, kisha kipande cha karatasi kikaingizwa nyuma ya kila kaboni ili alama isichafue nakala inayofuata, na kila nakala ikafutwa kwa zamu yake. Kwenye stensili ya kudurufia, kosa lilipakwa dawa, likasubiriwa likauke, ndipo herufi ikapigwa upya. Dawa nyeupe ya kufutia makosa ilianza kuuzwa na Bette Nesmith Graham, katibu wa Texas, mwaka 1956. Taipureta ya IBM iliyoweza kuondoa herufi kwa utepe wake yenyewe ilitolewa mwaka 1973. Katika mashine za mkono, kitufe cha kurudi nyuma kilirudisha karatasi nafasi moja tu. Herufi ilibaki palepale. Mwanafunzi alijifunza mapema kwamba kurudi nyuma si kufuta.

Desturi ya barua za ofisi katika nchi zilizofuata taratibu za Kiingereza iliacha alama ndogo ya mgawanyo wa wajibu. Herufi za mwanzo za jina la mkubwa ziliandikwa kwa herufi kubwa, na baada ya mkwaju zikafuata za mpiga chapa kwa herufi ndogo. Herufi hizo ndogo ndizo pekee zilizomtaja katibu. Kosa lilipogunduliwa zilitumika kumtafuta. Barua ilipokuwa safi, sifa ilikwenda kwa aliyetia sahihi.

5.0 Kidole, Sikio na Jicho: Aina za Makosa katika Kiswahili

Makosa ya anayejifunza kibodi yanaweza kugawanywa katika aina tatu kwa kufuata asili yake. Mgawanyo huu una manufaa kwa mwanahistoria pia, kwa sababu unamwezesha kukisia waraka ulitokana na imla, na rasimu ya kunakili, au na haraka ya vidole.

Aina ya kwanza ni kosa la kidole, ambapo kitufe cha jirani hupigwa badala ya kilichokusudiwa. Katika Kiswahili kosa hili ni la hatari kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa baadhi ya vitufe jirani vinabeba upambanuzi wa kisarufi. Herufi u na i zimekaa bega kwa bega, nazo ndizo viambishi vya upatanisho vya umoja na wingi katika ngeli ya mti/miti: unahitajika hugeuka inahitajika kwa kidole kuteleza nafasi moja, na msomaji hawezi kujua kama ni mkataba mmoja au mikataba mingi pale nomino isipotajwa. Herufi n na m ni jirani, na nchi ikawa mchi. Herufi r na t ni jirani, na Katibu Mkuu akawa Karibu Mkuu. Herufi h na j ni jirani, na hana ikawa jana. Katika mifano yote hii tokeo ni neno halali la Kiswahili, na jicho linalopita haraka halishtuki.

Kuruka herufi kuna madhara makubwa zaidi. Kauli ya kutendwa hutegemea w moja. Mfanyakazi atalipwa na mfanyakazi atalipa ni sentensi zenye herufi moja ya tofauti, na katika barua ya madai tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anadaiwa. Irabu zinazofuatana nazo hupotea kirahisi: mwombaji aliyeandikiwa kuwa hakufaa kwa kazi akaripotiwa kuwa hakufa. Pale ambapo silabi hurudiwa, mkono hupoteza hesabu. Kamati itakayoambiwa kuwa wajumbe watatatua mgogoro inaweza kusoma kwamba watatua, kana kwamba wako angani. Neno hilo ni mtego wa pekee, kwa kuwa herufi zake zote isipokuwa u hupigwa kwa mkono wa kushoto.

Aina ya pili ni kosa la sikio, litokanalo na imla. Herufi l na r hazikaribiani kwenye kibodi. Moja iko chini ya kidole cha pete cha mkono wa kulia, nyingine chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kwa hiyo mahali inapoandikwa mahari, mkosaji ni sikio au matamshi, si kidole. Wasemaji wa lugha nyingi za Kibantu za bara, ambazo hazipambanui sauti hizi kama Kiswahili kinavyofanya, waliingia darasani na mzigo huo. Ndivyo ilivyo pia thamani inapoandikwa samani, au ajali inapopewa h na kuwa hajali. Kumpa mwanafunzi mazoezi zaidi ya vidole hakumponyi kosa la namna hii. Dawa yake ni masikizi na tahajia.

Aina ya tatu ni kosa la jicho wakati wa kunakili, hasa kuruka mstari. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili huchangia hapa, kwa kuwa maneno mengi katika aya moja huanza na silabi ileile, na jicho linaporudi kwenye rasimu huweza kutua kwenye neno linalofanana mistari miwili chini.

Vipimo vilivyotumika havikutofautisha mambo haya. Katika mafunzo ya upigaji chapa yaliyokuzwa kwa Kiingereza, neno moja la kupimia kasi ni mapigo matano. Neno hawatatuandikia lina herufi 15, yaani maneno matatu ya kipimo hicho, ingawa kwa Mswahili ni moja. Pale kosa linapohesabiwa kwa neno halisi na kasi kwa mapigo, mpiga chapa wa Kiswahili huhukumiwa kwa mizani miwili isiyolingana. Isitoshe, herufi inayotumika kuliko zote katika Kiswahili ni a. Neno mahakama linayo mara nne katika herufi nane. Kitufe chake kiko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kwa watu walio wengi. Katika taipureta ya mkono nguvu ya kidole ilionekana katika weusi wa herufi, na a iliyofifia ilikuwa alama ya mwanafunzi aliyechoka.

Alama ya ung'ong'o katika ng' ilikuwa mtihani mwingine. Katika mashine nyingi za mkono alama hiyo ilikuwa juu ya tarakimu 8 na ilihitaji kitufe cha herufi kubwa. Aliyesahau kukibana aliandika ng8ambo. Aliyeogopa kuvunja mwendo aliiacha, na kata ya Ng'ambo ikawa Ngambo. Upungufu wa alama hiyo katika nyaraka za zamani usichukuliwe haraka kuwa ushahidi wa matamshi. Mara nyingine ni ushahidi wa mashine.

Hata hivyo, kibodi hiyohiyo ina upendeleo kwa Kiswahili ambao mafunzo yangeweza kuutumia. Safu ya katikati, ambako mwanafunzi huanzia, ina irabu moja tu, nayo ni a. Mazoezi ya kwanza ya Kiingereza hulazimika kuwa mfululizo wa herufi zisizo na maana kwa muda mrefu. Katika Kiswahili, safu hiyo peke yake hutoa dada, kaka, shaka, sadaka, jalada na fasaha, na kwa msaada wa -ka- ya masimulizi hutoa sentensi kamili: Kaka akala, dada akalala. Anayepiga maneno yenye maana hulitambua kosa lake kwa kusoma, wakati anayepiga herufi tupu hulitambua kwa kulinganisha tu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kusahihisha.

6.0 Kompyuta: Kosa Lisilo na Mwenyewe

Kuanzishwa kwa Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania mwaka 2000, ambacho kampasi yake ya Tabora ilirithi kazi ya Chuo cha Uhazili, kuliangukia wakati taipureta zilipokuwa zikitoka ofisini. Masharti ya ajira yaliongezewa vyeti vya programu za kompyuta juu ya hatimkato. Mabadiliko yalionekana madogo, kwa kuwa mpangilio wa vitufe ulibaki uleule. Lakini maana ya vitufe ilikuwa imebadilika.

Kitufe cha kurudi nyuma sasa kilifuta. Kosa halikuacha alama, na nidhamu iliyojengwa na raba na kaboni ilipoteza sababu yake ya kiuchumi. Mazoea ya mashine ya mkono yaliingia katika kompyuta na kuwa makosa mapya. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na tarakimu 1, na wapiga chapa walitumia herufi ndogo l mahali pake. Jicho halioni tofauti kubwa, ila kompyuta inayojumlisha mishahara haiitambui herufi hiyo kuwa namba.

Wakati huohuo programu za kuandikia zilileta mhakiki mpya, ambaye ni mstari mwekundu chini ya neno. Kwa anayeandika Kiswahili katika programu iliyowekewa Kiingereza, karibu kila neno hupigwa mstari, liwe sahihi au la. Ishara inayoonya juu ya kila kitu haionyi juu ya chochote, na mwanafunzi hujifunza kuipuuza. Juhudi za kurekebisha hali hii zilikuwapo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 maelezo ya mfumo wa kompyuta wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, msingi muhimu kwa kuwa orodha ya maneno peke yake haiwezi kutosha kwa lugha ambayo kitenzi kimoja huzaa maumbo mengi mno. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Lakini hata kikagua tahajia kilicho bora hakiwezi kushika makosa yaliyoelezwa katika sehemu iliyotangulia. Atalipa, hakufa, mchi, karibu, jana na watatua ni maneno halali. Kinachohitajika kuyagundua ni mtu anayejua barua inakusudia kusema nini. Kwa namna hii kompyuta imeirudisha Tabora karibu na ilikoanzia, kwa kuwa usahihi unategemea tena msomaji anayeielewa habari. Tofauti ni kwamba msomaji wa msafara alijua kazi hiyo ni yake. Leo mkubwa huandika barua yake mwenyewe akidhani mashine imeisoma, na mpokeaji huisoma akidhani imekwisha kusomwa.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa si ya makosa kupungua. Ni ya makosa kuhama. Katika barua ya msafara, kosa lilikuwa la msomaji kulitatua. Katika matbaa lilikuwa la mhakiki. Katika ofisi ya baada ya 1967 lilikuwa la katibu. Katika kompyuta halina mwenyewe anayejulikana. Kila kulipohama, mafunzo yalitakiwa kubadilika, na si kila mara yalibadilika.

Mambo mawili yanajitokeza kwa watafiti. La kwanza ni kwamba nyaraka za serikali za miongo iliyofuata 1967 zisisomwe kama zao la sera na istilahi pekee. Tahajia, utenganishaji wa maneno na alama zake zilipitia mikononi mwa wahazili, na baadhi ya yale yanayoitwa mabadiliko ya lugha huenda ni mazoea ya vidole. La pili ni kwamba somo la kibodi kwa Kiswahili linahitaji mazoezi yanayolenga u na i, n na m, w ya kutendwa, irabu zinazofuatana na ng', pamoja na kipimo cha kasi kinacholingana na urefu wa maneno ya lugha yenyewe.

Barua iliyoandikwa leo kuhusu kiwanja cha Gongoni ina jina la mahali lenye herufi saba, mbili za mkono wa kushoto na tano za mkono wa kulia. Mbili kati ya hizo tano ni n, iliyopakana na m. Aliye chini ya barua hiyo atatia sahihi. Usahihi wake utategemea kama kuna mtu mwingine aliyepewa kazi, muda na heshima ya kuisoma kabla.